Camaro ya Yenko ya 1967: namba zikilingana, uliza ziligongwa na nani

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mimi ni fundi, nimekulia Mombasa, sasa nafanya kazi kwenye gereji moja hapa Columbus, Ohio. Bosi wangu anataka kununua Camaro ya 1967 ambayo mwenyewe anasema ni Yenko, ina injini ya 427. Amenipa mimi kazi ya kuikagua. Namba ya injini nimeilinganisha na namba ya chesi, imekubali tarakimu kwa tarakimu. Nembo zote zipo, na kuna cheti kimewekwa kwenye fremu. Mwenye gari anasema hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Je mwalimu, nimwambie bosi atoe pesa?"

Ndugu yangu, mwambie asitoe hata arubuni kwanza. Sisemi gari ni feki, maana sijaliona. Ila hicho anachokiita ushahidi mkubwa ndicho kilichonitia wasiwasi kuliko vyote ulivyonieleza.

Najua kwa nini wewe kilikuridhisha. Huko tulikotoka, gari linakaguliwa kwa logibuku au kadi: namba ya chesi ile, namba ya injini ile, zikilingana mambo yamekwisha, zikipishana una kesi ya kujibu. Mazoea hayo ni mazuri na yameokoa watu wengi. Na kwa Chevrolet nyingi za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1960 yanafanya kazi vilevile. Lakini Yenko ya 1967 ni Camaro ya Chevrolet iliyobadilishwa injini na wakala, yaani duka la kuuza magari mapya, kabla ya kuuzwa. Magari ya namna hiyo yana historia tofauti, na usipoijua utakubali gari la uongo na kulikataa la kweli.

Historia yenyewe ni hii. General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilikuwa na amri ya ndani kwamba magari yake madogo na ya kati yasiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 400, Corvette, gari lake la michezo, ikiwa nje ya amri hiyo. Katika mwaka wa modeli wa 1967, wa kwanza wa Camaro, injini kubwa kabisa uliyoweza kuiagiza ilikuwa ya inchi 396, na toleo lake kali, L78, lilitajwa kuwa na nguvu farasi 375. Wakati huohuo Chevrolet ilikuwa na 427 iitwayo L72, farasi 425, na umbo lake la nje ni lilelile la 396. Fundi yeyote akizitazama zote mbili anajua kwamba moja ikitoka, nyingine itakaa bila kukata chuma. Don Yenko, dereva wa mashindano aliyeendesha duka la Chevrolet la familia yao pale Canonsburg, Pennsylvania, aliliona hilo. Nickey wa Chicago waliliona, Dana wa South Gate kule California waliliona, na Joel Rosen wa Motion, akishirikiana na Baldwin Chevrolet kule Long Island, aliliona pia. Wakawa wanapokea Camaro mpya, wanashusha 396, wanapandisha 427, kisha wanaliuza gari likiwa bado jipya.

Sasa fikiria kazi ilivyokwenda. Camaro imeundwa Norwood, Ohio, ikiwa na 396 yake. Pale kwenye mstari wa kuundia ndipo sehemu ya namba ya chesi ilipogongwa kwenye injini. Ile 427 wakati huo haikuwepo. Ilikuja baadaye, kwenye gereji ya wakala, na bloku iliyouzwa kama spea mara nyingi ilitoka kiwandani bila namba ya gari lolote. Kwa hiyo 427 ya gari la 1967 lililobadilishwa Canonsburg inapokuwa na namba ya chesi iliyogongwa vizuri, kwa mtindo wa kiwanda, tarakimu kwa tarakimu, swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: ziligongwa na nani, na lini? Kama jibu lake ni "kiwandani," amekwisha kujichanganya mwenyewe. Labda fundi wa zamani aliigonga kwa ajili ya usajili wa jimbo, jambo hilo linawezekana, lakini basi pawe na karatasi ya jimbo inayoeleza hivyo. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kwamba mtu amesikia kuwa wanunuzi wanapenda namba zinazolingana, akazilinganisha.

Usichanganye hili na magari ya 1969. Mwaka huo Yenko alikuwa amekwisha kuishawishi Chevrolet iweke 427 kiwandani kwenyewe, kwa njia ya maagizo maalumu ya ofisi kuu, yale yanayojulikana kama COPO. Agizo namba 9561 ndilo lililoleta 427 ya chuma ndani ya Camaro. Agizo 9560 lilileta ZL1, ya bloku ya aluminiamu, na zilizotengenezwa ni 69 tu. Magari hayo injini zake zilipita kwenye mstari wa kiwanda kama injini nyingine, kwa hiyo huko unatakiwa udai namba zilingane. Ona basi: duka lilelile, jina lilelile, tofauti ni miaka miwili, na kipimo kinageuka kabisa. Mtu akikuambia "Yenko" kabla hajakutajia mwaka, hujui bado utafute nini.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili, na inaniuma mpaka leo. Miaka mingi iliyopita mama mmoja mjane, magharibi ya Pennsylvania, aliniita nikague Camaro ya marehemu mumewe. Ilikuwa ya 1967, ikisemwa kuwa ilibadilishwa na wakala. Bati la bodi kwenye ukuta wa injini lilisomeka 02C, yaani wiki ya tatu ya Februari. Bloku ya 427 ilikuwa na tarehe ya kusubiwa, siku chuma chake kilipomiminwa kwenye kalibu: C 14 7, yaani tarehe 14 Machi 1967. Nikapiga hesabu niliyofundishwa: injini haiwezi kuwa changa kuliko gari. Nikamwambia yule mama, kwa upole lakini kwa uhakika, kwamba injini iliwekwa baadaye na gari ni kopi. Akaliuza kwa bei ya Camaro ya kawaida. Mwaka uliofuata mwanawe akafungua sanduku la vifaa vya kuvulia samaki la baba yake, akakuta ankara ya wakala imekunjwa mara nne: namba ya chesi ni ileile, kazi ya kubadilisha injini imeandikwa, na tarehe ni ya mwishoni mwa Aprili. Bloku ilisubiwa Machi, ikapandishwa Aprili, gari likauzwa. Kila tarehe ilikuwa mahali pake. Niliyekosea ni mimi, niliyelipima gari la wakala kwa rula ya kiwanda. Nilirudi kwa yule mama nikamweleza mwenyewe, uso kwa uso, maana halikuwa jambo la kusema kwa simu. Hasara yake sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo hesabu ya tarehe, kwa gari kama hili la bosi wako, iende hivi: bloku lazima iwe ilisubiwa kabla ya siku gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza. Si lazima iwe kabla ya gari kuundwa. Ikiwa bloku ni changa kuliko siku ya mauzo, hapo una tatizo la kweli.

Haya, nenda ukaitazame injini upya. Kwenye bloku hizi kubwa za Chevrolet kuna kijiuso cha chuma kilichonyooshwa, mbele ya hedi ya upande wa abiria, yaani kulia, maana usukani uko kushoto. Usikisugue kwa msasa wala brashi ya waya. Chukua kitambaa na kisafishia breki, futa mafuta taratibu mpaka chuma kionekane. Kisha zima taa za juu, lete tochi uilaze karibu iguse chuma, mwanga upite kwa ubavu. Kama uso ule haujaguswa tangu kiwanda cha injini cha Tonawanda, New York, utaona michirizi myembamba iliyonyooka, sambamba, imekwenda uso mzima kama nyuzi za kanga mpya. Ni alama ya mashine iliyokata bloku. Sasa tazama namba zilivyokaa juu ya michirizi. Kama michirizi inaingia hadi ukingoni mwa kila tarakimu, namba ziligongwa juu ya uso wa asili. Kama hakuna michirizi kabisa, bloku imewahi kuskimiwa, yaani uso wake umekatwa upya kwa mashine. Hilo peke yake si kosa, injini nyingi za mashindano zimeskimiwa. Lakini kama uso hauna michirizi ilhali namba zimekaa wazi na kali, basi namba ni mpya kuliko kuskimu, kwa sababu kuskimu kungezila. Na kama michirizi ipo ila imepinda au imekwenda kwa duara, mtu ameichora kwa mkono. Nimewahi kuiona iliyochorwa kwa msasa mgumu uliofungwa kwenye kipande cha ubao. Ilikuwa nzuri kwa macho ya mchana, tochi ikaivua nguo.

Kwenye gari lako, uso usio na namba ya chesi, wenye michirizi yake, ungenifurahisha zaidi kuliko huo ulioniandikia.

Ukimaliza hapo, ingia chini. Namba ya kusubu iko nyuma ya bloku upande wa dereva, kwenye ukingo inapokutana na giaboksi, herufi zimevimba. Kwa 427 ya mwaka 1967 utatarajia 3904351. Tarehe ya kusubiwa iko ubavuni upande wa abiria, karibu na stata: herufi ya mwezi, siku, tarakimu ya mwisho ya mwaka. Piga picha hata kama hukuielewa.

Namba ya chesi yenyewe, kwa Camaro ya 1967, iko kwenye bati lililo kwenye nguzo ya bawaba za mlango wa dereva. Ilihamia juu ya dashibodi mwaka 1968, kwa hiyo usihangaike na kioo cha mbele. Itaanza 12437, kisha 7 ya mwaka, kisha N kama ni Norwood au L kama ni kiwanda cha Los Angeles. Utagundua kwamba ile 24 inakuambia tu kuwa ni Camaro ya silinda nane. Haisemi ni silinda nane gani. Ndiyo maana watu wanaweza kuchukua Camaro ya kawaida kabisa na kuivika: hakuna tarakimu ndani ya namba ya chesi itakayowasaliti. Muulize mwenye gari kama ataruhusu kifuniko cha hita kitolewe, ili mtazame sehemu ya namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi penyewe. Mwenye gari la kweli mara nyingi atasita kwa sababu ya rangi, na ana haki. Lakini kwa pesa hizi, mamia ya maelfu ya dola kwa Yenko ya kweli, ombi hilo si la kumkosea mtu adabu.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana kwa gari la wakala karatasi ndiyo nyama na chuma ni mfupa. Nembo usizihesabu. Nembo, vibati na stika za Yenko zinatengenezwa upya leo na kuuzwa hadharani, na hakuna sheria inayomkataza mtu kupamba gari lake. Cheti cha kwenye fremu nacho ni maoni ya mtu mmoja. Geuza fremu, soma jina la aliyeandika na tarehe, halafu umwulize aliona nini: aliona ankara, au aliletewa picha tu?

Karatasi ninayoitamani kwanza ni kile kibati cha dhamana ambacho Chevrolet ilikibandika ndani ya kijitabu cha mwenye gari kuanzia mwaka wa modeli wa 1965, wanakiita Protect-O-Plate. Ni bati dogo lenye maandishi yaliyovimba: namba ya chesi, namba na herufi za injini, giaboksi, difu, na mara nyingi jina la mnunuzi wa kwanza. Wakala alilitumia kupiga chapa kwenye hati za matengenezo ya dhamana. Na hapa tena kipimo kinageuka. Bati hilo lilitengenezwa kwa taarifa za kiwanda, na kiwanda kiliweka 396. Kwa hiyo kibati cha kweli cha Yenko ya 1967 kinatakiwa kitaje 396! Wauzaji wengi hukificha kwa kuogopa kuwa kinawaharibia, kumbe ndicho kinachowatetea. Mtu akikuonyesha kibati cha 1967 chenye herufi za 427 ndani ya Camaro, ujue kimetengenezwa na mtu asiyejua historia ya gari analolighushi.

Kisha omba ripoti ya usafirishaji. Chama cha warejeshaji wa Corvette cha Marekani, NCRS, hutoa kwa malipo madogo ripoti inayotaja gari lilitengenezwa lini na lilipelekwa kwa wakala gani, na hufanya hivyo kwa Chevrolet nyingine za enzi hizo, si Corvette peke yake. Kama ripoti inataja wakala wa Oregon na muuzaji anasema Canonsburg, anayo kazi ya kueleza. Lakini ikitaja Canonsburg, usiruke kwa furaha. Duka la Yenko liliuza pia magari ya familia, ya kwendea kazini na kanisani, kama duka lolote la Chevrolet. Gari kupitia pale halina maana kwamba liliguswa. Na kwa upande mwingine, magari yaliyobadilishwa pale yaliuzwa pia kupitia mawakala wengine, kwa hiyo jina la muuzaji wa mwisho linaweza kuwa la mji usioutarajia. Kwenye ZL1 za 1969 hilo linaonekana vizuri sana: Fred Gibb wa La Harpe, Illinois, aliagiza 50, bei ikaja juu kuliko alivyotegemea, nyingi zikarudishwa na kugawiwa kwa mawakala wengine. ZL1 yenye mawakala wawili kwenye karatasi zake inaniridhisha zaidi ya yenye mmoja aliyenyooka mno.

Ningekuwa nakujibu juu ya Ford au Pontiac ningekuwa na maneno machache zaidi. Ford za kuanzia modeli ya 1967 zina kumbukumbu za uzalishaji ambazo Kevin Marti huzitolea ripoti, na za Pontiac zinapatikana PHS, huduma ya kumbukumbu za Pontiac. Hata huko ripoti inaishia mlangoni kwa wakala. Wakala Royal Pontiac wa Michigan, kwa mfano, waliuza vifaa vyao vya Bobcat kwa posta, gasketi nyembamba za hedi, jeti za kabureta na vinginevyo. Ukivikuta ndani ya Pontiac GTO, kazi inaweza kuwa ya fundi wao au ya kijana aliyeletewa boksi nyumbani kwake.

Kinachounganisha gari na gereji ya wakala, kwa hiyo, ni ankara ya wakala yenyewe au kumbukumbu za watu. Ankara itazame kama ulivyoutazama ule uso wa injini: karatasi ya zamani ina makunyanzi yenye uchafu ndani yake, nakala ya kaboni ina wino uliosambaa kidogo, namba ya chesi imepigwa kwa taipureta ileile iliyopiga maneno mengine. Nakala ya mashine ya picha isiyo na asili yake haithibitishi lolote. Ni dokezo tu.

Upande wa watu, tafuta mnunuzi wa kwanza au watoto wake. Baadhi wako hai, lakini wanapungua kila mwaka, na hii ndiyo sababu nakusihi usikawie. Ukimpata mzee, usimwulize "je, ilikuwa Yenko?" Atakubali ili akufurahishe. Mwulize alilichukua wapi, nani alikwenda naye, lilikuwa na rangi gani ndani, alilipa vipi, ni kitu gani kiliharibika kwanza. Mwache azungumze. Kisha omba picha. Picha za rangi za miaka ile mara nyingi zilichapwa mwezi na mwaka kwenye ukingo mweupe, mfano AUG 67. Picha ya mtoto amekaa kwenye boneti, namba ya usajili inaonekana, na ukingoni pana mwezi na mwaka, ina thamani kuliko cheti chochote, kwa sababu aliyeipiga alikuwa anampiga picha mwanawe, hakuwa anauza gari. Hicho ndicho ninachokitafuta kila mara: vitu visivyojuana, vilivyotunzwa na watu wasiojuana, vinavyosema neno moja.

Mwambie bosi wako amwombe muuzaji vitu vitatu kwa maandishi: kijitabu cha dhamana na kibati chake, orodha ya wamiliki kadiri anavyoijua, na ruhusa ya ripoti ya NCRS kuagizwa na nyinyi, isiwe na yeye. Kama mkaguzi mwingine ataletwa, mlipeni nyinyi.

Na wewe nitumie picha nne za ule uso wa bloku: tochi ikiwa kushoto, kulia, juu na chini, kamera ikae palepale bila kusogea. Weka rula pembeni. Rangi ya chungwa ya injini ikiwa imeingia ndani ya tarakimu usiitoe, hata kama inakuzuia kusoma. Nataka kuona iko juu ya namba au chini yake.